Kisanduku cha Rula ya Mwanzi

Mwanangu Mariam,

Umelala juu ya meza ya Bibi ya kukatia nguo, pale ulipozoea, mguu mmoja umening'inia. Mama yangu na Bi Mwajuma wamekwenda kununua begi, maana letu zipu yake haifungi. Nina kama saa mbili kabla hawajarudi. Kesho asubuhi basi litaondoka na wewe, mimi nitabaki. Una miaka mitatu na miezi miwili, kwa hiyo barua hii utaisoma ukiwa mtu mwingine kabisa, mtu nisiyemjua. Ndiyo maana naweza kuiandika. Watu wanaonijua huwa siwezi kuwaambia kitu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho utakachosomea huko Tanga, kama nilivyosoma mimi mpaka darasa la nne. Baada ya hapo nililetwa huku nikaanza Kiingereza. Utaona mahali ambapo sentensi zangu zinachechemea, nivumilie.

Habari za kikohozi chako, na kwamba huli ndizi mpaka imenywe mbele ya macho yako, na lile blanketi la njano, zote nimeshamwambia Bi Mwajuma. Hazimo humu. Humu yumo mwanamke aliyekulea, na jambo nililomfanyia.

Wewe ulimwita Mama. Mimi ukaniita Zuu, kama alivyoniita yeye. Alijaribu kukurekebisha. Alikuwa akininyooshea kidole na kusema, "Huyu ndiye Mama, Mari. Mimi Bibi." Wewe ukacheka ukidhani ni mchezo. Mimi sikukurekebisha hata mara moja. Nilikuwa sijatimiza miaka kumi na sita ulipozaliwa, na barabarani ilinifaa watu wakidhani mimi ni dada yako. Baba yako alikuwa mvulana wa darasa langu. Alihamishwa shule mwezi uleule tumbo lilipoonekana, na zaidi ya hapo hana nafasi katika barua hii.

Jina alilozaliwa nalo Bibi ni Fumiko. Alipoolewa Tanga akapewa jina la Fatuma. Hapa Yeoville, Johannesburg, kwenye jengo hili, walimwita Mchina, na kwa miaka minane aliitikia. "Mchina, nipunguzie kiuno." "Mchina, zipu imekufa." Niliwahi kumuuliza kwa nini hawaambii kwamba yeye ni Mjapani. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema, "Wananiita, naitika, kazi inakwenda."

Alikuja Tanga kwa ajili ya Babu. Babu alikwenda kwao kusomea mitambo ya umeme, miaka miwili, akarudi na mke. Baba yake Bibi alimwambia akishavuka kizingiti asirudi, naye hakurudi, hata kuwazika. Mama yake siku ile alimtia mkononi kisanduku cha mbao kisichozidi kiberiti, kimefungwa kwa kitambaa cha pamba. Ndani mlikuwa na kitovu chake, kile kipande kinachokauka na kudondoka mtoto akiwa na siku chache. Kwao mama hukihifadhi, na siku mtoto anapoondoka nyumbani anapewa aondoke nacho. Akifa anaweza kuzikwa nacho, ili huko aendako mama yake amtambue. Sijui kama watu wote wa kwao wanaamini hivyo. Bibi aliamini.

Kwetu Tanga kitovu kinazikwa. Mama alipozaliwa Bibi akamtengenezea kisanduku chake, na watu wa nyumba ile hawakupenda. Bi Mwajuma, huyu atakayekuchukua kesho, ni mdogo wake Babu. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikichukua kisanduku akasema anakwenda kukizika nyuma ya nyumba, chini ya mpera, kama desturi inavyotaka. Bibi hakugombana. Ila kila asubuhi, mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu ya utotoni, alikuwa akifagia chini ya mpera ule, duara safi. Majani yakianguka baada ya yeye kumaliza, anarudi anayaokota kwa mkono.

Nilipozaliwa mimi alikuwa ameshajifunza. Alisema kitovu kimepotea. Alikificha pamoja na chake, katika kitambaa kimoja. Babu alipofariki, na Mama akawa tayari anafanya kazi huku, ikaamuliwa tuje. Nilikuwa na miaka kumi. Tunafungasha, akaniita chumbani akafunga mlango, akafungua kile kitambaa. Visanduku viwili. "Hiki mimi," akasema. "Hiki wewe. Siku ukiondoka kwangu, unaondoka nacho." Nikanusa. Kilinukia kafuri na vumbi. Ndani kulikuwa na kitu kama mzizi mdogo mweusi. Nikamuuliza kama kinauma, akacheka mpaka akakaa kitandani.

Kwa hiyo nilijua, Mariam. Nataka hili ulishike kabla hujaendelea kusoma.

Huku Johannesburg nilianza kumwonea haya. Si mwanzoni. Mwanzoni sikuwa na Kiingereza, nilimng'ang'ania sketi. Lakini nilipopata rafiki wawili, nikaona wanavyomwangalia, kimwanamke kifupi cha kofia ya jua, kinaongea Kiswahili cha Tanga na mtoto mweusi. Nikamwambia asinisubiri getini. Nikamwambia asubiri ng'ambo, upande wa pili wa robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Hakuuliza kwa nini. Miaka mitano alisimama ng'ambo ya robot, mvua na jua, na taa ikiniruhusu nikivuka, anageuka anatangulia, mimi nyuma hatua kumi. Zile hatua kumi alizihesabu yeye. Nikikaribia sana alikuwa anaongeza mwendo.

Watu walinisifu. Walimu walimwambia Mama kwamba mimi ni mpole, mtoto wa haya, hana makuu. Watu wenye haya husifiwa hivyo. Usidanganyike ukija kuambiwa na wewe. Mimi sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa kuangaliwa, na mtu anayeogopa kuangaliwa atamsukuma yeyote mbele yake aangaliwe yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwenye ghorofa ya pili kulikuwa na mtoto wa miaka minne, Junior, na asubuhi moja hakuonekana. Mpaka mchana jengo zima lilikuwa ngazini. Huku mtoto akipotea watu hawasubiri. Hadithi za watoto kukatwa viungo viuzwe kwa waganga zipo kila mahali, na wakazi wa jengo wakaanza kupekua chumba kwa chumba. Nilipofika kutoka shule walikuwa wameshafika ghorofa ya tatu, kwetu. Mlango wetu ulikuwa wazi. Kabati la Bibi limemwagwa koridoni, vitambaa, vishikizo, bobini za uzi zinabingirika hadi kwenye ngazi.

Mlinzi wa jengo, Bwana Sipho, alikuwa ameshika kile kitambaa cha visanduku. Mama Bijou, Mkongo anayesuka nywele pale chini, alikuwa ameshafungua kisanduku kimoja.

"Kuko nini mu iyi kasanduku?" anauliza. "Angalieni. Iyi ni nyama ya mutu."

"Ni kitovu," Bibi akasema. Alisema kwa utulivu, kama anaeleza urefu wa pindo. "Kitovu cha mtoto."

"Kitovu ya mutoto. Mumesikia? Anakubali mwenyewe."

"Eish, gogo," Bwana Sipho akasema, kama Wazulu wanavyomwita bibi yeyote, akarudi nyuma hatua.

Watu wakaanza kupiga kelele, Kizulu, Kifaransa, Kiingereza. Bibi hakujua hata kimoja. Alikuwa anazungusha macho kutafuta mtu, na akaniona mimi pale juu ya ngazi na begi langu la shule. Mwanangu, uso wake ulipata nafuu. Ule uso ndio ninaouona. Alitabasamu, akawaambia watu kwa Kiswahili, "Ni cha huyu. Mjukuu wangu huyu. Muulizeni." Na kwangu akasema, "Waambie, Zuu. Hiki chako, hiki changu. Waambie kwa Kiingereza."

Wote wakanigeukia. Mama Bijou akaninyooshea kisanduku. "We binti. Iko ya kwako?"

Thandi wa darasa langu anakaa ghorofa ya nne. Alikuwa amesimama ngazini nyuma yangu, simu juu, anarekodi. Sikugeuka lakini nilijua.

Nikasema, "Sijui."

Nililisema kwa Kiingereza kizuri kabisa, kile cha shuleni. Nikaongeza, "Sijui hivyo ni vitu gani. Ni vyake." Na nikaangalia viatu vyangu.

Sikulazimishwa. Hakuna aliyenitisha. Ningesema neno moja, ndiyo, Mama Bijou angenirudishia kisanduku changu mkononi na kesi ingeishia pale, maana mtu hawezi kuibiwa kitovu chake halafu asimame hapo anahema. Sikuwa nimeombwa hotuba. Niliombwa neno moja.

Bibi aliinama kuchukua kisanduku cha pili kilichokuwa kimeanguka. Mtu akakanyaga mkono wake. Sijui nani, niliona kiatu tu, kiatu cha kazi chenye chuma mbele. Kisha vile visanduku vikapelekwa chini, kwa mama anayechoma mahindi kwenye kona, vikatiwa ndani ya jiko lake. Nilichungulia dirishani. Vilikuwa vikavu sana, viliwaka kwa muda usiotosha kugeuza hindi. Mama wa mahindi alipepea jiko akaendelea na biashara.

Kimoja ndicho kitu pekee ambacho mama yake alimpa. Kingine mimi.

Junior alipatikana saa kumi na moja jioni mtaa wa Berea, kwa baba yake, anakula chipsi. Baba alimchukua bila kumuaga mama wa mtoto. Hakuna aliyekuja kusema pole.

Bibi alikuwa ndani, anaokota bobini kwa mkono mmoja. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama dole gumba. Nilisimama mlangoni nikingoja anipige, au alie, au aseme lolote ambalo ningeweza kulichukia. Akaniangalia akasema, "Zuu, zipu ya sketi yako imefunguka." Ilikuwa wazi tangu shuleni. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote wale, najificha, na zipu wazi. Akachukua sindano, akaitengeneza nikiwa nimeivaa, na kile kidole amekinyoosha pembeni kisiguse kitu.

Mama aliporudi kutoka kazini Randburg, Bibi akamwambia amebanwa na mlango. "Nawe Mama huangalii," Mama akasema. Nilikuwa mezani nafanya hesabu. Nikaendelea na hesabu. Hadi leo Mama hajui. Ukiwa mkubwa, kama yuko hai, unaweza kumwambia. Mimi sitamwambia.

Kidole kile hakikukunjika tena. Bibi alishona kwa mtindo wa kwao, kastabani yake ilikuwa pete ya ngozi inayovaliwa katikati ya kidole cha kati, na sindano husukumwa kwa hiyo. Baada ya pale ilibidi aihamishie kidole cha pete, ajifunze upya akiwa na miaka zaidi ya sitini. Kazi ya saa moja ikawa ya saa mbili na nusu. Wiki iliyofuata Mama Bijou alileta sare za watoto wake zishushwe pindo.

"Mchina, bei ileile?"

"Ileile," Bibi akasema.

Nilimchukia Bibi siku ile kuliko siku zote. Alikuwa ananitunzia aibu yangu vizuri kuliko nilivyoweza mimi mwenyewe, na sikumwomba. Nilianza kumjibu vibaya. Nikaanza kuchelewa kurudi. Nilitaka siku moja anitajie, nimwambie kwamba na yeye alikosa, nani anatunza vipande vya watu kabatini katika mji kama huu. Nililiandaa jibu langu miaka minne. Hakunipa nafasi ya kulisema.

Kisha wewe.

Ulipozaliwa Mama hakusema nami wiki tatu. Bibi alikuogesha, akakufunga, akakulaza kifuani kwake. Siku ya nane kitovu chako kilidondoka. Nilikiona kwenye nepi nikataka kukitupa pamoja nayo. Nakwambia kweli. Alikichukua mkononi mwangu, akakifunga kwenye shashi, akakiweka dirishani kikauke. Halafu akachukua rula yake.

Ile rula ya mwanzi alikuja nayo kutoka kwao. Alipimia nayo kila nguo aliyoshona, Tanga na hapa. Alipimia nayo urefu wangu mlangoni. Aliikata kwa kisu cha mkate, siku mbili, kidole kimenyooka, anapumzika, anaendelea. Akaunganisha vipande kwa gundi. Ndicho kisanduku chako. Ukikigeuza utaona alama za rula pembeni, na namba, saba, nane, tisa.

"Sitaki kukiona," nikamwambia.

"Si chako," akasema. "Cha Mari."

Hilo ndilo neno kali pekee nililowahi kusikia kutoka kwake, na hata sina hakika kama lilikuwa kali.

Nilirudi shule ukiwa na wiki sita. Yeye alikubeba mgongoni, akishona. Wewe ulijifunza kulala kwa sauti ya cherehani na mpaka leo ukisikia mashine ya kufulia unasinzia. Na mimi nilikuonea wivu. Nimeamua humu nisifiche kitu, basi na hili: nilikuwa nakufinya. Mara kadhaa, pajani, ukiwa mikononi mwangu na yeye anaangalia kwingine, ili ulie na yeye aje. Akija, unanyamaza papo hapo, na mimi naumia zaidi. Mara ya mwisho alikuta alama. Alizipaka mafuta, akakushushia nguo, akasema mbu wamekuwa wengi. Tulikuwa katikati ya Julai, baridi ya kukata masikio, hakuna mbu hata mmoja Johannesburg nzima.

Aliumwa ghafla, miezi minne iliyopita. Ilikuwa kichwa, mshipa ulipasuka. Hospitali alikaa siku tisa, na siku zote tisa aliongea Kijapani tu. Kiswahili kilimtoka chote, miaka arobaini na zaidi ya Kiswahili. Hakuwa ametufundisha lugha yake, si Mama si mimi. Nyumba ya Tanga haikupenda kumsikia anaongea na mtoto maneno wasiyoyaelewa, na baadaye ikawa mazoea. Kwa hiyo alilala pale akituambia mambo. Hakuwa anaweweseka. Alikuwa anaeleza kitu, kwa mpangilio, ananiangalia mimi, anasubiri jibu, halafu anaanza tena kwa upole kama unavyomrudia mtu mzito wa kuelewa.

Nesi akaniuliza, "Gogo anasema nini?"

Nikasema, "Sijui."

Safari hii ilikuwa kweli. Lakini sauti ilitoka ileile, nikaisikia, na yeye alikuwa anaangalia mdomo wangu. Siku ya tisa akaacha kueleza.

Wanaume wa msikitini, Watanzania, walimzika vizuri, kwa jina la Fatuma, katika sanda tupu. Najua sheria yetu hairuhusu kumzika mtu na kisanduku. Yeye alijua pia. Aliwahi kuniambia atamwomba mtu mmoja tu, kwa siri, amtilie ndani ya mkunjo. Hakumtaja huyo mtu ni nani. Wala hapakuwa tena na cha kutia.

Wiki nzima ulikwenda kukaa chini ya cherehani ukingoja miguu yake. Ulipouliza, nilikwambia amekufa. Ukauliza kesho yake nikakwambia tena, amekufa, kwa sauti ileile. Ningeweza kutafuta neno lingine.

Kuhusu kuondoka kwako. Usije ukaambiwa kwamba nililia nikakataa nikazidiwa nguvu. Nimepata nafasi chuo kikuu, pale Braamfontein. Mama alinikalisha jikoni akaniambia, "Chagua. Mimi nililelewa na yule mwanamke, wewe ukalelewa na yule mwanamke, mtoto wako akalelewa na yule mwanamke. Sasa hayupo, na humu ndani hakuna anayejua kulea." Nilichagua kabla hajamaliza kunywa chai. Na kuna kitu ndani yangu kimepumua tangu siku ile. Sikuahidi kwamba nitakuja kukuchukua. Ukiwa na hasira juu ya hilo, hasira yako iko sahihi, usimruhusu mtu akuambie uiache.

Nilitaka kukipeleka kisanduku chako kimyakimya. Nilikichomeka katikati ya soksi. Leo asubuhi Bi Mwajuma akawa anapanga upya nguo zako kitandani, akakipata. Alikigeuza geuza, akajua.

"Alikutengenezea na wewe," akasema, kana kwamba mwenye mali ni mimi. "Basi nitakizika nikifika. Mtoto anakuwa na kwao."

Mama alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Hapakuwa na mtu wa kuniangalia ila mwanamke mmoja mzee na soksi zako.

"Hakizikwi, Bi Mwajuma," nikasema. "Ni chake."

"Unasemaje?"

"Ni chake. Bibi Fumi alimtunzia. Akienda popote anakwenda nacho."

Akaziweka soksi kitandani. "We mtoto," akasema, "unanipa mwana, unaniachia, halafu unaniwekea masharti ya kitovu?"

Alikuwa amesema kweli. Nikasimama tu, uso unawaka, lakini sikuondoa macho.

Akaketi kitandani. Akaanza kukunja gauni lako dogo la bluu, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza tena. "Cha mama yako sikukizika," akasema. "Nilikitupa chooni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu ameniletea mwanamke asiyejua hata kukuna nazi, na nyumba nzima inamzunguka yeye. Nikakitupa chooni, nikarudi nikasema nimekizika chini ya mpera."

Maji yaliendelea kumwagika bafuni.

"Nami nikamwona anafagia," akasema. "Kila siku ya Mungu. Mwaka wa kwanza nilicheka. Baadaye nikataka kumwambia, lakini unamwambiaje mtu ameshafagia miaka mitano? Miaka kumi? Mlipoondoka kuja huku alinikabidhi ufagio."

"Ukafagia?"

"Nafagia," akasema. "Hadi leo. Pumbavu mimi, nafagia mahali hapana kitu."

Akakiweka kisanduku ndani ya gauni la bluu, akalikunja vizuri safari hii, akaliweka chini kabisa ya zile nguo. Hakuniangalia. "Sitakigusa," akasema. "Ila mpakani wakikikuta, mimi Kiingereza sina."

Basi la huko linapita mipaka mitatu. Kila mpaka watafungua mabegi. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kabla sijafikiria hata barua hii. Ndani ya kisanduku, juu ya shashi, nimeweka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nimekiandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na chini kabisa kwa Kizulu, kile Kizulu changu cha mtaani. Kinasema hivi: Hiki ni kitovu cha Mariam. Ni chake mwenyewe. Mimi Zuhura ndiye mama aliyemzaa. Fumiko, bibi yangu, ndiye aliyekitunza. Ninamjua. Nikaweka sahihi.

Nimewasikia Mama na Bi Mwajuma kwenye ngazi, begi linagonga kila kidato. Umegeuka, umejifunua, jicho moja limefunguka na unaniangalia bila kusema kitu, nadhani unaamua kama ulie au la.

Utakua, na kuna siku mtu atakishika kisanduku hicho mbele ya wenzako akuulize ni nini. Ukiweza kumjibu, mjibu. Ukiona haya, na huenda ukaona, maana haya nayo umeirithi kwangu, nyamaza tu, mpe karatasi asome. Ila usiseme hujui.

Zuhura,
mama yako